Kusoma herufi ukutani si kupimwa macho

Mdogo wangu alianza kujigonga kwenye mikorosho akiwa na miaka 14. Njia za shambani kwetu Newala anazijua tangu anatambaa, lakini magharibi ikiingia tu, anamshika mama upindo wa kanga. Tukampeleka kupimwa. Akasoma herufi zote hadi mstari wa chini. Tukaambiwa macho ni mazima, ale mchicha na karoti. Jibu hilo tuliishi nalo miaka sita, na mpaka leo linanichoma.

Herufi zinapima kitovu cha uoni tu. Ugonjwa wake, retinaitisi pigmentosa, ni wa kurithi. Kwa kawaida huanza na seli zinazotuwezesha kuona gizani, kisha uwanja wa kuona hujibana kutoka kando kuja katikati. Mtu anaweza kusoma gazeti vizuri na asiione ndoo iliyo mbele ya miguu yake.

Ukweli tuliupata Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Walimtia dawa ya kutanua mboni, akakaa gizani dakika 20, wakamwekea waya mwembamba jichoni na kummulika kwa mimweko ya taa. Kipimo hicho hunasa umeme ambao retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huutoa yenyewe ikimulikwa. Wake ulikaribia kuwa mstari mnyoofu. Kisha akaambiwa akodolee nukta moja na abonyeze kitufe kila aonapo kitaa popote. Alikaa kimya muda mrefu hata mama akadhani amesinzia. Mwisho ikapigwa picha ya mwanga, inayoonesha retina tabaka kwa tabaka. Pembeni imekonda, katikati bado iko.

Vipimo vya namna zote mbili vinahitajika, kwa sababu picha na utendaji havikubaliani kila mara. Wenye hitilafu ya jeni iitwayo RPE65 wanaweza kuwa na seli zilizo hai lakini hazifanyi kazi. Tiba ya jeni hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na hupewa yule tu ambaye bado ana seli hai za kutosha. Ukipima upande mmoja, utamkatia tamaa mtu ambaye angesaidika.

Naulizwa: kwa wengi dawa haipo, ya nini kupima? Mdogo wangu alikuwa keshaanza kuchanga fedha za kununua bodaboda. Hilo pekee lanitosha.

Mashine hizo hazitafika kila zahanati ya Mtwara na Lindi kesho. Ila kijana akilalamika haoni jioni, mhudumu akae naye uso kwa uso, mita moja hivi. Kila mmoja afumbe jicho moja, la kulia kwa la kushoto, watazamane kwa yaliyobaki, na mhudumu alete kidole kutoka pembeni katikati yao. Mhudumu akikiona na kijana bado, aandike rufaa, hata kama herufi zote zimesomwa.