Begi la Shangazi Lilikwenda Kanari

Sisi wa ughaibuni tukishuka Mwanza tuna maneno tunayoyaanza hata kabla ya kuoga: "Kule kwetu huwezi kuona mambo haya." Kwetu! Mtu kazaliwa Kemondo, kakaa Uingereza miaka michache, sasa Uingereza ndiyo kwetu na Kemondo ndiyo "mambo haya". Nawasikia zaidi pale bandarini, meli ya Bukoba inapopakia, wamekunja mikono kifuani wakiwatazama wachukuzi wanavyogombania mizigo ya watu, wanatikisa kichwa.

Mimi naishi Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na huku meli za kitalii zinaingia na kutoka kama daladala za Buhongwa. Hayo mambo ya mizigo nayaona kwa karibu, na naomba niwaambie ndugu zangu: huku nako begi linapotea, na linapotea kwa uzembe uleule wa mtu aliyechoka ambaye hakusoma kilichoandikwa mbele ya macho yake. Wazungu hawatuzidi kwa kulitunza begi. Wanatuzidi kwa jambo jingine, na hilo ndilo hatulisemi kabisa tukiwa likizo.

Kwanza nieleze kwa ambaye hajawahi kuona. Meli kubwa ya kitalii hukaa gatini siku moja. Asubuhi inashusha watu wa safari iliyokwisha, mchana inapakia wapya, jioni inaondoka. Zile kubwa zaidi zinabeba abiria zaidi ya 5,000. Kila mtu akija na mabegi mawili tu, hapo pana mabegi zaidi ya 10,000 ya kushusha na mengine kama hayo ya kupakia, kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni. Abiria mwenyewe habebi. Anachapisha lebo nyumbani kwake, ina jina la meli, tarehe, jina lake, sitaha na namba ya kabini. Anaikunja, anaipiga pini kwenye mkono wa begi. Mlangoni pa jengo la abiria mchukuzi mwenye kizibao cha kung'aa analipokea na kuliweka kwenye kizimba cha chuma chenye magurudumu, basi, mmeachana. Begi linapita kwenye eksirei, linaingia tumboni mwa meli, na jioni unalikuta limesimama mlangoni pa kabini yako. Ikienda sawa ni raha tupu, sibishi.

Isipoenda sawa, uwezekano wa kwanza ni kwamba begi halijapotea, limekamatwa. Melini kitu kinachoogopwa kuliko vyote ni moto, kwa hiyo pasi ya umeme, birika, hita ya kuchemshia maji, mishumaa na nyaya za kurefusha umeme ni marufuku kwa kampuni nyingi. Eksirei ikiona umbo la pasi, begi linawekwa pembeni chini kwa walinzi mpaka mwenyewe aende akalifungue. Na sisi tunavyopenda kunyoosha nguo! Jamaa yetu mmoja wa Arusha alikaa na kaptura hadi saa tatu usiku, wenzake wote wameshavaa suti za chakula cha jioni, kumbe begi lake liko chini linamsubiri kwa sababu ya pasi.

La shangazi yangu lilikuwa jambo jingine.

Shangazi anakaa Leicester tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alipotimiza miaka sabini wanawe walimlipia safari ya meli kwenda kuona fjodi za Norwei, zile ghuba nyembamba zilizobanwa na milima, wakaniomba mimi na mume wangu tufuatane naye. Sisi tulijongea tu kutoka hapa mjini. Yeye alikuja na basi lililouzwa pamoja na safari yenyewe, ambalo hukusanya watu kutoka miji ya katikati ya nchi na kuwashusha Southampton. Sasa bandari ya hapa ina majengo matano ya abiria, mengine upande wa mashariki na mengine upande wa magharibi, na siku hiyo palikuwa na meli zaidi ya moja. Basi likasimama kwenye jengo la kwanza, wakashuka wa meli ile, dereva akafungua buti akawatolea mabegi yao. Akatoa na la shangazi. Yeye amekaa kiti cha dirishani upande wa pili, anatazama bahari.

Lebo ilikuwepo. Ilikuwa na jina la meli yetu kwa herufi kubwa kuliko hata jina la shangazi. Mchukuzi hakuisoma, wa kizimba hakuisoma, aliyelipitisha kwenye eksirei alitazama ndani ya begi bila kutazama nje. Mle melini mhudumu akasoma kitu kimoja tu, namba ya kabini. Na kabini ya namba ile ilikuwepo kwenye meli ile pia. Kwa hiyo jioni, wakati sisi tunazunguka ofisini kuuliza, begi la shangazi lilikuwa limesimama kwa adabu mlangoni pa watu wengine, linaelekea Visiwa vya Kanari, kusini kabisa karibu na Afrika, sisi tukienda kaskazini.

Tulilijua hilo siku ya tatu. Usiku wa kwanza tulijua tu kwamba halipo. Kwenye meza ya huduma binti alikuwa na tabasamu zuri na fomu. Rangi ya begi, ukubwa, magurudumu mawili au manne, alama yoyote. Shangazi akasema: "Mwambie lina utepe wa kitenge, nimeufunga mwenyewe." Binti akaandika "utepe". Kisha akatoa kifuko chenye mswaki, dawa ya meno na fulana yenye nembo ya kampuni, akasema nguo tutakazoleta zitafuliwa bure. Zitafuliwa zipi? Anayo aliyovaa.

Shangazi alipoona tunageuka kuondoka akaniuliza kwa Kihaya, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mume wangu asikie: "Ni nani aliyelipokea?" Nikamwambia ni wachukuzi wa gatini, hawajulikani. "Kwa hiyo nimempa mtu asiye na jina." Akaenda kulala na fulana ya kampuni.

Swali lake si la kizamani. Ndilo swali la Mwanza. Pale bandarini ukifika na gunia lako la maharage au godoro la mtoto wa shule, kabla hujafungua mdomo umeshazungukwa, na unachagua mtu. Unamtazama usoni, mnapatana bei, unamuuliza jina, na yeye anakuambia usiwe na wasiwasi mama, uliza yeyote. Mzigo wenyewe umeshauandaa nyumbani. Mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi wa katani, jina la mpokeaji limeandikwa kwa maka peni mbavuni, kona moja imefungwa kipande cha kanga ambacho ukikiona gizani alfajiri Bukoba unakijua. Meli inapita Kemondo kwanza, kwa hiyo kila mwenye akili anaamka kabla ya gati la Kemondo kwenda kuhakikisha mzigo wake haushuki na mizigo ya watu. Nani kasema ni mfumo mzuri? Unachosha. Mama mwenye mtoto mgongoni hatakiwi kulinda gunia usiku kucha. Lakini mzigo unajulikana ni wa nani, na kuna mtu wa kumuuliza.

Kaka yangu alipokuwa anarudi shule, tranka lake lilishushwa Muleba na basi lililotakiwa kulifikisha Bukoba. Kosa lile lile kabisa la basi la Leicester. Simu za mkononi hazikuwepo. Siku iliyofuata Hiace ilisimama shuleni, konda akateremka na tranka begani, na kumbe mwenye duka moja stendi ya Muleba alikuwa amesoma jina la shule kwenye kifuniko akamwomba konda alipitishe. Nauli ya tranka alilipa yeye. Hatukuwahi kumjua jina, na baba alimtafuta.

Najua msomaji ameanza kunyoosha kidole: unasifia nyumbani kwa sababu huishi nyumbani. Basi sikiliza na hili. Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Robota zima, mtaji wake wa miezi mingi, lilipakiwa Mwanza kwenye basi moja ambalo sitalitaja, na Bukoba halikushuka. Mwenye duka wa Muleba safari hii hakuwepo. Alipokwenda ofisini karani hakutoa fomu wala hakumwomba akae. Alinyanyua kidole kuelekea ukutani, penye kibao: kampuni haihusiki na upotevu wa mizigo. Mama alikisoma, akashukuru (alishukuru!), akarudi nyumbani, akaanza kukopa. Hakuna mtu aliyekasirika. Majirani walikuja kumpa pole kama waliokuja msibani.

Kile kibao ndicho tofauti yenyewe.

Kuna mkataba wa kimataifa uliosainiwa Athens mwaka 1974 kuhusu kusafirisha abiria na mizigo yao baharini, ukaongezewa nguvu kwa itifaki ya 2002 iliyoanza kazi 2014. Uingereza imo. Kwa begi ulilomkabidhi msafirishaji, kama lile la shangazi, si wewe wa kuthibitisha kwamba kampuni ilizembea; kampuni ndiyo ithibitishe haikuzembea. Likipotea, ukomo wa fidia ni vipimo 3,375 vya SDR, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na hiyo ni zaidi ya dola 4,000 za Marekani. Kwa vitu ulivyokaa navyo mwenyewe kabini ukomo ni 2,250. Fedha taslimu na dhahabu hazimo, isipokuwa uliwakabidhi wakutunzie. Unatakiwa kutoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 15. Na kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni cha 18: sharti lolote kwenye tiketi linalomwondolea msafirishaji wajibu huo, au kupunguza kiasi hicho, ni batili. Maana yake kibao cha yule karani, kikitundikwa Southampton, ni ubao tu.

Msidhani walilipa kwa hiari. Kampuni ya meli ilisema begi halikuwahi kufika kwetu, waulizeni wa basi. Wa basi wakasema tulilikabidhi bandarini, waulizeni wa meli. Walitupiana mpira vizuri tu, kama ofisi yoyote ya Bukoba. Kilichowanyamazisha ni kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu safari zinazouzwa kwa pamoja: ukinunua meli na basi kwa mkupuo mmoja, aliyekuuzia anawajibika kwa vyote viwili. Niliandika barua, nikaitaja kanuni, nikaambatanisha risiti za Bergen, za sweta moja, suruali mbili na viatu, kwa bei za Norwei ambazo sitazirudia hapa kwa sababu mama atasoma. Walilipa. Begi lenyewe lilirudi na meli yake kutoka Kanari na kuletwa Leicester hadi mlangoni, utepe wa kitenge ukiwa palepale.

Mle melini aliyemsaidia shangazi kweli hakuwa na fomu. Ni mhudumu wa kabini, kijana wa Goa, India, aliyeona bibi anafua gauni lile lile kila usiku, akaenda kwa wenzake wa kike kule chini wanakolala wafanyakazi akarudi na sweta nzito na soksi. Kampuni haikumtuma, na nina hakika hairuhusu. Shangazi alimuuliza jina mara moja, jina la mama yake, na kijiji. Bado wanaandikiana.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaokuja likizo mkakunja mikono pale bandarini, waacheni wachukuzi. Wanafanya kazi kwa mgongo, na wengi wao wanaijua mizigo ya watu kuliko eksirei. Ulizeni kuhusu stakabadhi. Ulizeni kwa nini mzigo unapokewa bila karatasi yenye namba, na kwa nini karatasi ikiwepo nyuma yake pana sentensi inayosema aliyepokea pesa yako hahusiki. Mkataba wa Athens ni wa safari za kimataifa, Mwanza hadi Bukoba ni safari ya ndani, kwa hiyo hilo hatuandikiwi na mtu wa nje. Ni la kwetu wenyewe, la bunge letu.

Na wakati wake ni huu. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Tumesikia habari za injini zake, za ghorofa zake, za daraja la watu mashuhuri. Ningependa mbunge mmoja tu wa Kagera asimame aulize nyuma ya tiketi yake kumeandikwa nini kuhusu gunia la abiria wa daraja la chini, na akijibiwa, asome jibu lote kwa sauti.