Wekeni kwanza ndoo ya taka chooni

Jumamosi iliyopita chemba ya nyumba tunayopanga hapa Mwananyamala ilifumuka. Maji yalitoka chini ya mfuniko, yakapita mbele ya jiko la jirani yangu anayekaanga maandazi, yakaja kuishia kizingitini kwangu. Fundi akachomeka waya mrefu, akauvuta, ukatoka na pedi. Akavuta tena, zikatoka mbili zimeshikamana na nywele za rasta. Mwenye nyumba akainyanyua moja kwa kijiti mbele ya wapangaji wote, wake kwa waume, mpaka watoto, akauliza: "Hii ya nani?"

Binti wa chumba cha tatu, yuko kidato cha pili, aliinamisha kichwa akaingia ndani. Hakutoka mpaka jioni. Sijui kama ilikuwa yake na sitaki kujua. Nilitetemeka kwa hasira siku ile, na mpaka leo sijapoa.

Kuna jambo silibishii: pedi haitupwi chooni. Upande wake wa chini ni plastiki, na nyingi ndani zina chembe zinazogeuka jeli zikikutana na majimaji. Kazi yake ni kunywa na kuvimba, na hata ukiitumbukiza chooni itaendelea na kazi hiyohiyo. Ukimwaga ndoo ya maji inapita pale bomba linapopinda, unadhani imeondoka, kumbe imekwenda kunasa kwenye kiungo cha bomba la inchi 4, na kila kinachokuja nyuma yake kinaikuta hapo. Ikibahatika kupita, inaingia kwenye karo, lile shimo la majitaka. Nyumba zetu nyingi hapa Dar hazijaungwa na bomba la majitaka, kwa hiyo tunachomwaga kinasafiri mita chache tu na kukaa chini ya miguu yetu. Kinyesi humo kinaliwa na vijidudu, tishu inalainika na kusambaratika. Plastiki haiozi. Inakaa, na karo la kudumu miaka linajaa kabla ya wakati wake. Tumechanga 15,000 kila chumba, vyumba vinane, kulipia gari la kunyonya. Mwenye nyumba ana haki ya kukasirika, hilo namwachia.

Pampasi sidhani kama kuna mtu mzima wa kubishana naye. Zile tishu za maji za kufutia watoto nazo haziyeyuki, hata pakiti iseme unaweza kuflashi. Pamba, kondomu, nywele za kusuka, mafuta yaliyobaki kwenye karai: vyote si vya chooni. Dawa zilizopitwa na muda pia msizimwage humo, na mnaomimina asidi kila wiki ili choo kinukie mnaua vijidudu vilevile vinavyowasaidia.

Sasa nirudi kwenye kile kijiti.

Nilipovunja ungo nilikabidhiwa kwa somo yangu, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba hedhi ni siri yako, asiione baba, asiione kaka, asiione hata mume. Nilifundishwa kufua kitambaa alfajiri na kukianika chini ya kanga ili jua likipate na macho ya watu yasikipate. Mafunzo yale yalikuwa na akili yake, maana kitambaa kilirudi sandukuni na siri ikarudi nacho. Pedi ya dukani hairudi sandukuni. Lazima itupwe mahali, na mahali hapo hatukufundishwa. Somo alitupa siri, duka likatupa pedi, mwenye nyumba akatupa choo kimoja cha vyumba vinane kisicho na hata kikopo cha taka. Binti aende nayo wapi? Aivushe uani mkononi, mbele ya vijana wanaocheza bao? Kuna mbwa wanaofukua majalala, na kuna wanawake wanaoamini kabisa kwamba damu yao ikiokotwa wanaweza kufanyiwa ubaya. Zamani tulifunga kwenye rambo nyeusi. Tangu Juni 1, 2019 rambo hazipo, na mimi naunga mkono marufuku ile, lakini hakuna aliyetuambia tufungie kwenye kitu gani badala yake.

Mwaka 2018 serikali ilifuta VAT kwenye pedi, mwaka 2019 ikairudisha, tukajadili bei mpaka tukachoka. Sikusikia tukijadili zinatupwa wapi. Wenzetu Kenya, sheria yao ya elimu ya msingi iliyorekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wapewe pedi bure shuleni inataja pia njia salama ya kuzitupa. Hilo ndilo ninalolitaka, na naanza na nyumba za kupanga.

Maana siri hii inamfikia mtu mwingine ambaye hatumfikirii. Gari lilipokuja, mpira wake ulinyonya dakika chache ukaziba. Dereva akasema maji ameshatoa, hayo mengine si kazi ya gari. Akaitwa kijana, wale tunaowaita vyura. Alishuka ndani ya karo na kaptula, mikononi amevaa mifuko, akawa anatoa pedi na pampasi kwa reki, na reki iliposhindwa akatumia mikono. Hewa ya mle inaua. Tumeshasikia mara ngapi mtu ameingia karo akazirai, na aliyemfuata kumwokoa naye hakutoka? Kila alipoinamisha kichwa nilikuwa namhesabia pumzi. Alipotoka aliomba sabuni. Umri wake haupishani sana na wa yule binti.

Mwenye nyumba mpendwa, na nyote wenye nyumba: msibandike karatasi mlangoni ya "Usitupe pedi chooni" halafu mkaondoka. Wekeni ndoo yenye mfuniko. Wekeni magazeti ya zamani pembeni ili mtu akunje, afunge, aweke. Pangeni zamu ya kuitoa siku gari la taka linapopita, na zamu hiyo iwahusu wanaume pia. Baba ambaye ananunua pedi za binti yake hawezi kushindwa kubeba ndoo hadi barabarani.

Jumapili nilinunua ndoo ya mfuniko, nikaiweka nyuma ya mlango wa choo pamoja na rundo la magazeti. Nilimwita yule binti, nikamwonyesha tu, sikumuuliza kitu. Akaitikia, "Sawa, mama," macho yako chini. Jumatano asubuhi nilifunua mfuniko nikakuta gazeti moja limekunjwa vizuri, ncha zake zimechomekwa ndani.