Malaki ana sura nne, si mstari mmoja

Msimu wa mavuno ukibisha hodi mnajua kinachofuata. Malaki 3:10, mstari wa nabii Malaki wa kuleta zaka (sehemu ya kumi ya mapato) ghalani, inapandishwa kwenye skrini ya kanisa, chini yake lipa namba, kwaya inaanza pambio la kusindikizia matoleo. Baada ya hapo nabii anarudishwa kabatini hadi Jumapili ijayo. Tumemgeuza karani wa zaka, na hata ukarani wenyewe tumempa nusu tu.

Kitabu chote kina mistari 55. Kikisomwa kwa sauti jumuiyani, bila mbio, hakizidi robo saa. Kwa hiyo hoja ya kukosa muda tuiache.

Chukueni penseli, msomaji mmoja asome sura zote nne, wengine wapige mstari kila wanaposikia "lakini ninyi mwasema". Maneno hayo ndiyo mifupa ya kitabu: Bwana anashtaki, watu wanauliza "kwa namna gani?", naye anawajibu kwa ushahidi. Kisha rudini mwanzo, na pembeni mwa kila shtaka andikeni nani anaambiwa. Hapa ndipo wengi hunyamaza. Kuanzia 1:6 wanaoshtakiwa ni makuhani. Wao ndio wanaopokea mnyama kipofu, kilema na mgonjwa madhabahuni, na Malaki anawauliza kwa kejeli kama wanaweza kumpelekea liwali, yaani gavana, zawadi ya namna hiyo. Mstari wa 10 Mungu anatamani apatikane mtu mmoja wa kufunga milango ya hekalu, moto wa bure usiwashwe. Sura ya 2 inafungua kwa laana juu ya makuhani hao hao, na mstari wa 3 unazungumzia kupakwa mavi usoni. Huo sijaona ukipandishwa kwenye skrini, sijui kwa nini.

Halafu inakuja 3:5. Mistari mitano tu kabla ya ule wa zaka, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi dhidi ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na dhidi ya wanaomwonea kibarua kwenye mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaompotosha mgeni asipate haki yake. Shahidi huyo ndiye anayesema baadaye "mwaniibia mimi". Ukianzia mstari wa 8 unaona wizi wa aina moja tu. Ukianzia wa 5 unakuta dada wa kazi aliyekatwa mshahara kwa sababu ya sahani, na fundi anayezungushwa "njoo mwisho wa mwezi", wamo kwenye hati moja ya mashtaka na zaka. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Asilimia kumi ya mshahara uliotokana na kumdhulumu kibarua, Malaki angeiitaje? Yule mnyama kilema wa sura ya kwanza yupo, mnajaza wenyewe.

Sasa hilo ghala la 3:10. Watu wanalisoma kana kwamba ni akaunti ya benki. Kwa Malaki ni chumba chenye nafaka, divai na mafuta, na kazi yake imetajwa kwenye mstari wenyewe: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Chakula cha nani? Kitabu cha Hesabu, sura ya 18, kinajibu: Walawi, kabila la wahudumu wa hekalu, hawakugawiwa ardhi, zaka ndiyo ilikuwa shamba lao. Kumbukumbu 14:28-29 inaongeza kwamba kila mwaka wa tatu zaka inabaki mjini, waile Mlawi, mgeni, yatima na mjane mpaka washibe. (Mstari wa 26 wa sura hiyo unaruhusu fedha ya zaka kununulia ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo, mle na kufurahi mbele za Bwana pamoja na nyumba zenu. Mhubiri wa semina ya uchumi wa ufalme, tunakusubiri hapo.)

Kisha fungueni Nehemia 13, maana ni mambo ya zama hizo hizo za utawala wa Uajemi. Ghala lilikuwa tupu, Walawi na waimbaji wamekimbilia mashambani kwao kwa kukosa posho. Kwa nini? Kuhani Eliashibu, aliyekuwa msimamizi wa vyumba, alimpa Tobia, mtu wake wa karibu, chumba kikubwa kilichokuwa cha zaka. Angalieni mpangilio wa Nehemia, liwali wa Yuda: kwanza anatupa nje vyombo vya Tobia, pili anaagiza vyumba visafishwe, tatu anawagombeza wakubwa na kuwarudisha Walawi kazini. Baada ya hayo, mstari wa 12, Yuda wote wanaleta zaka. Mstari wa 13 anaweka watunza hazina kwa majina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Sababu ya kuchaguliwa imeandikwa: walihesabiwa waaminifu, na kazi yao ni kuwagawia ndugu zao. Nehemia aliweza kuwagombeza wakubwa hivyo kwa sababu sura ya 5 inaonyesha alikaa miaka 12 bila kula posho ya uliwali, na aliwabana waliokuwa wakichukua mashamba na watoto wa watu kwa madeni. Mnaokopesha kausha damu na kuimba kwaya, sura ya 5 ni yenu.

Haya, nikubali: Malaki anaposema "taifa hili lote" anamaanisha lote, na muumini asiyetoa kitu hana pa kujificha. Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 23:23 hakufuta zaka ya mnanaa na bizari, aliwaambia wasiache adili, rehema na imani. Mchungaji naye ana ada za watoto.

Ila mkishasoma hivi, msiishie kwenye "tumebarikiwa sana na neno". Mkutano mkuu wa usharika ukifika kwenye mapato na matumizi, ombeni kusomewa fungu la wajane na yatima, kiasi na tarehe kilipotoka. Kwenye mengineyo, ulizeni mlinzi wa kanisa analipwa shilingi ngapi, na mara ya mwisho alilipwa lini.