Bure si lazima iwe huria

Asante kwa makala, ila hapo mlipoeleza nyenzo huria za elimu kuwa ni "vitabu vya bure mtandaoni" naomba tusahihishane. Kitabu kinaweza kuwa cha bure na bado mwalimu asiruhusiwe kubadili hata mstari mmoja. Uhuria uko kwenye leseni, yaani ruhusa anayoitoa mwenye kitabu, kwa mfano CC BY, mojawapo ya leseni za shirika la Creative Commons: unanakili, unarekebisha, unasambaza, mradi umtaje mwandishi.

Nafundisha takwimu chuoni. Mwaka jana nilichukua sura ya uwezekano kutoka kitabu cha OpenStax, wachapishaji wa vitabu huria vya kiada, nikaondoa mifano ya karata iliyowachanganya wanafunzi, nao wakatunga maswali yao wenyewe. Maswali hayo sasa yamo ndani ya sura. Kuna binti alikuwa akipiga picha kurasa za kitabu cha mwenzake kwa simu, nyingine hazisomeki kabisa. Leo sura nzima anayo, na ni yake hata baada ya kuhitimu.

Mlichokiruka ni jasho la mwalimu. Marekebisho yale yalikula wikendi zangu sita, na vyuo vingi havihesabu kazi hiyo mwalimu anapoomba kupandishwa cheo. Andikeni na hilo, tafadhali.