Nyuzinyuzi za chikori zinabebeshwa kosa la sukari

Vipande vya oti na chokoleti vinavyouzwa kwa sifa ya nyuzinyuzi nyingi vina lawama moja inayorudiwa kila mahali: nyuzinyuzi zake ni za bandia, kiwanda kimetia unga wa mzizi wa mmea uitwao chikori kwenye peremende kikapata namba nzuri ya kuandika mbele ya pakiti. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba imemkamata asiyehusika. Kitu dhaifu kwenye vipande hivi kipo, lakini si nyuzinyuzi.

Tuanze na lebo. Kipande cha kawaida cha gramu 40 huwa na kalori 140, mafuta gramu 4, protini gramu 2 na kabohaidreti gramu 29. Ndani ya hizo 29, nyuzinyuzi ni gramu 9 na sukari gramu 10. Gramu 9 si haba: ni karibu theluthi ya zile 28 ambazo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, huhesabu kuwa kiwango cha siku. Tufaha la wastani likiliwa na ganda lake halifikishi gramu 5.

Sasa jiulize gramu hizo 9 zimetoka wapi. Gramu 100 za oti kavu zina nyuzinyuzi zipatazo 10. Kwa hiyo hata kama kipande kizima kingekuwa oti tupu, bila chembe ya chokoleti wala tone la sharubati, kisingezidi gramu 4. Ili kupata 9 kutoka kwenye oti peke yake ungehitaji gramu 90 za oti, zenye kalori zaidi ya 300. Haziingii kwenye kipande cha gramu 40 kwa njia yoyote. Na ukweli ni kwamba oti iliyomo ni kidogo. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kikianza. Kwenye vipande vya aina hii, mara nyingi kinachotangulia ni dondoo la mzizi wa chikori, ikifuata chokoleti, kisha ndipo oti. Tukikadiria oti gramu 12, inaleta nyuzinyuzi gramu 1 na kidogo. Kakao ya kwenye chokoleti inaongeza sehemu ya gramu. Zilizobaki, karibu 7, ni za chikori.

Hapo ndipo wengi wanapotamka neno “udanganyifu”. Pakiti ina picha ya oti, namba ni ya chikori. Kama hoja ni kuhusu picha, nakubaliana nao kabisa. Kama hoja ni kwamba nyuzinyuzi zenyewe si za kweli, hapana.

Kinachotolewa kwenye chikori huitwa inulini. Mzizi hukatwakatwa, hulowekwa kwenye maji ya moto, maji yakachujwa na kukaushwa. Inulini hiyohiyo imo kwenye kitunguu, kitunguu saumu, ndizi na ngano. Ni minyororo ya fruktosi, yaani sukari ya matunda, iliyofungwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuifungua, hivyo inapita utumbo mwembamba ikiwa nzima. Ikifika utumbo mpana, bakteria, hasa bifidobakteria, huichachusha na kuacha asidi za mafuta za minyororo mifupi, mojawapo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo huo.

Unaweza kulithibitisha hili kwenye lebo yenyewe, kwa kalamu na karatasi. Mafuta gramu 4 kwa kalori 9 kila gramu ni 36. Protini gramu 2 kwa kalori 4 ni 8. Kabohaidreti 29, ondoa nyuzinyuzi 9, zinabaki 20. Kwa kalori 4 ni 80. Jumla 124. Lebo inasema 140, basi zimebaki 16 za kugawa kwa gramu 9 za nyuzinyuzi, yaani chini kidogo ya kalori 2 kwa gramu. Hicho ndicho kiasi ambacho mwili huambulia kutoka kwa bakteria wanaochachusha inulini. Wataalamu hukiweka kati ya 1.5 na 2. Kama ingekuwa wanga au sukari iliyobadilishwa jina, kipande kingekuwa na kalori 160.

Wadhibiti nao hawakuipokea kwa macho yaliyofumbwa. Kanuni ya lebo ya Marekani ya 2016 ilisema nyuzinyuzi iliyotengwa kwenye mmea na kuongezwa kwenye chakula haihesabiwi mpaka ionekane ina faida kwa mwili. Inulini haikuwamo kwenye orodha ya kwanza. Iliongezwa 2018, kwa ushahidi kwamba inasaidia mwili kufyonza kalsiamu. Ulaya, mamlaka ya usalama wa chakula ilikubali 2015 kwamba gramu 12 za inulini ya chikori kwa siku huongeza mara mtu anazopata choo. Kipande kimoja kinakupa zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtu ambaye mlo wake hauna nyuzinyuzi za kutosha, hiyo ni faida halisi, na kumwambia ale kitu “cha asili” badala yake hakumsaidii kama mbadala anaoufikia mkononi ni biskuti.

Hata hivyo, nyuzinyuzi hazifanani, na hapa wakosoaji wana hoja yenye uzito. Sifa ya oti kwa moyo inatokana na beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi iliyomo kwenye oti, ambayo hugeuka ute mzito tumboni, ikapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kuvuta kolesteroli itoke nje. FDA iliiruhusu sifa hiyo 1997, kwa sharti la gramu 3 za beta-glukani ya oti kwa siku. Oti ina beta-glukani kama asilimia 4. Gramu 12 za oti zinatoa nusu gramu. Ungehitaji vipande sita kufikia 3, na vipande sita ni kalori 840 na sukari gramu 60. Inulini haiwezi kuziba pengo hilo kwa sababu haifanyi ute wa maana. Inayeyuka na kupita. Anayekula kipande hiki ili ashushe kolesteroli amekosea chakula. Bakuli la uji wa oti ndilo lenye kazi hiyo.

Suala la gesi linahitaji maelezo kuliko hofu. Bakteria wakichachusha inulini hutoa hidrojeni na kaboni dioksaidi, na tumbo ambalo halijazoea likipokea gramu 7 kwa mkupuo litajaa na kunguruma. Wengi huvumilia hadi gramu 10 hivi kwa siku; kipande cha pili kinakuvusha hapo. Kinachowachanganya watu ni muda: inulini huchukua saa kadhaa kufika utumbo mpana, kwa hiyo anayekula kipande asubuhi huulaumu mlo wa mchana. Anza na nusu kipande kwa wiki moja, pamoja na chakula, ndipo uongeze. Wenye ugonjwa wa utumbo unaochafuka mara kwa mara, ambao kitunguu huwasumbua, wasitarajie chikori iwe mpole kwao, maana ni kitu kilekile.

Tukija kwenye sukari, hapo sina la kutetea. Gramu 10 ndani ya 40 ni robo ya kipande. WHO, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2015, inataka sukari huru, yaani iliyoongezwa kwenye chakula pamoja na ya asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingependa ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kipande kimoja kinameza asilimia 40 ya kiasi hicho. Kwenye orodha imetawanywa: sukari, sharubati ya mahindi, asali, kila moja mahali pake, ndiyo maana hakuna hata moja inayosogea juu. Maltodekstrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa, ikiwapo haihesabiwi kuwa sukari, ila humeng'enywa upesi kama sukari. Chokoleti nayo mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya kiini cha mawese badala ya siagi ya kakao, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni mafuta yaliyoshiba. Protini gramu 2 haishibishi mtu.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya pakiti mbili zenye nyuzinyuzi sawa, namba ya kulinganisha ni sukari iliyoongezwa. Ikiwa moja ina gramu 10 na nyingine 2, soma viambato vya hiyo ya 2 kabla ya kuichagua. Kama utamu umetokana na maltitoli, kitamu cha jamii ya polioli kinachotumika badala ya sukari, ujue sehemu yake kubwa nayo huishia kuchachushwa utumbo mpana, juu ya inulini iliyokwisha kufika. Ulaya, chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya jamii hiyo lazima kiandikwe onyo kwamba kikizidi kinaweza kuharisha. Kwa tumbo ambalo bado linajifunza chikori, kipande cha namna hiyo kianzie robo, si nusu.