Ruthu, Esta na Hosea Aliyevunjika Mgongo

Simu ya mshenga iliingia Jumamosi saa 11 jioni, nikiwa bwenini nafua soksi. Mshenga wangu ni mzee wa usharika, mtu wa maneno mengi na methali zisizoisha, lakini jioni ile alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, huyu Esta ni nani?"

Nikamjibu kuwa ni malkia wa Uajemi.

"Wacha utani. Niko huku nyuma ya banda la ng'ombe, wamenitoa nje ili wajadiliane. Esta ni nani, na kwa nini umekaa naye siku 41?"

Soksi ikanidondoka ndani ya beseni.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha theolojia huko kaskazini, ambacho sikitaji kwa sababu nina hakika jina langu bado limo kwenye daftari lao. Muhula ule niliandika insha kuhusu ndoa na mahari katika Agano la Kale. Mwalimu wangu aliamini nimeguswa na mada. Kweli niliguswa, maana nilikuwa na mchumba Rombo na sikuwa na wazo lolote jinsi barua ya posa inavyoandikwa. Nikaona bora niende kwenye chanzo.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mafuta ya taa. Vitabu vilipangwa kwa namba za Dewey, yule Mmarekani aliyeutoa mpango wake mwaka 1876, akaipa dini namba za 200. Ukipita kwenye rafu zile ndipo unajua mpangaji alikuwa wa dhehebu gani: Biblia na Ukristo wamejinafasi kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, Uislamu umepewa 297, na dini za jadi za Afrika zimebanwa 299.6, kama abiria wa siti ya nyuma anayepakata mizigo ya wenzake. Mimi nilichukua vitatu, ambavyo ndio mwisho wa mwanafunzi: ufafanuzi wa Ruthu kwenye 222.35, wa Esta kwenye 222.9, na wa Hosea kwenye 224.6.

Ruthu nilimhitaji kwa ajili ya Boazi, anavyokwenda langoni kwa wazee, mambo yakamalizwa kwa mtu kuvua kiatu. Hosea nilimhitaji kwa hesabu: sura ya 3 anatoa fedha 15 na homeri moja na nusu ya shayiri, nami nilitaka kujua hiyo ni debe ngapi. Esta sikumhitaji sana. Nilisoma kwamba wasichana walipakwa mafuta na manukato miezi 12 kabla ya kumwona mfalme, nikafunga kitabu, nikamwonea huruma mfalme atakayelipia.

Muda wa kuazima ulikuwa wiki mbili. Zikaisha, nikaona haya kurudisha kabla sijamaliza, na kumaliza nako sikumalizi. Faini ilikuwa shilingi 200 kwa kitabu kwa siku. Ndipo nikakuta kwenye kisanduku changu cha barua kumbusho la mwisho. Maktaba ilibana matumizi kwa kukata karatasi moja vipande vinne, kwa hiyo kichwa cha barua chenye jina la chuo kiliangukia kwa mwenzangu mwingine, na mimi nikapata kipande cha chini. Naliandika lote hapa, maana bila kuliona hutaelewa yaliyonipata:

KUMBUSHO LA MWISHO
Jina: Ruthu. Hali alipochukuliwa: nzuri. Siku zilizozidi: 41.
Jina: Esta. Hali alipochukuliwa: mpya. Siku zilizozidi: 41.
Jina: Hosea. Hali alipochukuliwa: mgongo umevunjika. Siku zilizozidi: 41.
Rudisha zote mara moja. Wapo wengine wanaosubiri zamu.

Huyo "alipochukuliwa" ni kosa la msaidizi wa maktaba, kijana mgeni kazini, aliyeona majina ya watu akatumia sarufi ya watu. Simlaumu. Sarufi yake ilikuwa sawa kabisa.

Jumamosi ile asubuhi nilinunua dukani bahasha mbili za kaki. Katika moja nikatia barua ya posa, kurasa mbili za mwandiko wa kujikaza, pamoja na shilingi 50,000 za kifungua barua. Katika nyingine nikatia lile kumbusho na faini kamili, 24,600, maana utaratibu ulitaka karatasi irudi pamoja na malipo. Sikuandika kitu juu ya yoyote. Mshenga alikuwa amesema barua ya posa hukabidhiwa mkono kwa mkono, kuiandika anwani ni kama unatuma kifurushi cha basi. Alipofika nikampa bahasha moja. Ile nyingine nikaitumbukiza pamoja na vitabu kwenye sanduku la kurudishia, lile lenye mdomo ukutani, maana maktaba ilishafungwa saa 6 mchana. Nikatembea nikipiga mluzi.

Yaliyotokea Rombo nimeyapata kwa vipande, kutoka kwa mshenga na kwa mchumba wangu, na kila mmoja anakataa kusimulia bila kucheka. Sebule ilijaa. Shangazi mtu, ambaye ndiye msomaji wa ukoo, alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitikisa. Ikalia. Ndani yake mlikuwa na sarafu: ya mia tano moja na ya mia moja.

"Elfu 24 na mia sita," akahesabu mbele ya wazee. "Mia sita?"

Mshenga, kwa haraka ya kuokoa jahazi, akasema mtoa posa ni mtu wa Mungu, hutoa kwa kadiri ya ufunuo.

Kisha shangazi akasoma. Akasoma Ruthu, watu wakatazamana. Akasoma Esta, na hapo mambo yakaharibika, kwa sababu mdogo wake mchumba wangu ana jina hilohilo na ndiye aliyekuwa anaingia mlangoni na sinia la chai. Sinia likarudi jikoni. Alipofika "rudisha zote", shangazi akashusha miwani akasema, "Zote! Binti za watu amewafanya mbuzi." Naye mzee mwenye nyumba, baba mkwe wangu mtarajiwa, ambaye mpaka wakati huo hakuwa ametamka neno, akauliza taratibu: "Na huyu Hosea, mgongo alimvunjaje?"

Ukoo mzima ule ni Walutheri wa kipaimara. Wanazijua amri kumi na maelezo yake kwa moyo, na hakuna hata mmoja aliyeyatambua majina yale. Aliyeniokoa ni bibi, aliyekuwa kwenye kona anachambua maharage akidhaniwa hasikii. Akainua kichwa na kusema, "Ruthu, Esta, Hosea. Hayo mbona yamo kwenye Biblia? Huyo kijana amechukua vitabu vya watu." Kimya. Halafu, kwa mujibu wa mshenga, banda la ng'ombe lenyewe lilitikisika kwa kicheko. Lakini wakamrudisha hivyohivyo: posa hawajaiona, na sarafu zinabaki kama ushahidi.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa mlangoni. Mama mkutubi ni mtu mzima anayevaa kitenge kilichonyooka kama rula, na husema kwa sauti ya chini hata akiwa sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mchungaji." Sikuwa mchungaji. Aliponiita hivyo nilijua nimekwisha. "Vitabu vimefika. Faini 24,600, nimeitoa kwenye 50,000 yako. Risiti hii. Chenji 25,400 hii hapa. Na barua yako nimeisoma."

Akaitandaza mezani. Ilikuwa na alama za penseli nyekundu.

"'Kwa heshima na taadhima' umeandika mara 4 kwenye ukurasa mmoja. Hapa umemnukuu Boazi, hukuweka sura wala aya. Na hii aya ya pili umeitoa wapi?"

Nikasema moyoni mwangu.

"Mwaka juzi mwenzako aliiacha ndani ya kitabu cha Warumi. Neno kwa neno."

Nilitazama sakafu. Ndipo nikauona mhuri. Yule kijana msaidizi alikuwa amefundishwa kwamba kila karatasi inayoingia sandukuni hupigwa mhuri, nayo barua yangu ilipigwa kurasa zote mbili, wino wa zambarau, palepale juu ya jina la baba mkwe: MALI YA MAKTABA. HAITOLEWI NJE.

Nikaomba niichukue nikaandike upya. Mama mkutubi akasema kitu kikishapigwa mhuri hakitoki bila kuandikishwa. Nilidhani ananitania mpaka alipofungua daftari kwenye ukurasa wa vitabu vya rafu ya akiba, vile ambavyo darasa zima linagombea nakala moja, unachukua saa 10 jioni unarudisha kesho yake saa 2 asubuhi. Akanigeuzia kalamu. Nami, mwanafunzi wa theolojia mwenye akili timamu, nikaazima kwa saini barua yangu mwenyewe ya posa kwa usiku mmoja.

Mshenga alikataa isinakiliwe upya. Alisema wameshacheka, sasa wakiletewa barua safi watadhani ni ya mtu mwingine. Akaipeleka ilivyo, na penseli nyekundu na mihuri, pamoja na 50,000 ambazo nusu yake nilikopa kwa mwenzangu wa chumba. Mzee akaisoma mwenyewe safari hii. Akakaa sana pale kwenye mhuri. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema haitoki.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: mbuzi, mbege, blanketi la bibi, na bibi kwa mkono wake aliongeza blanketi la pili, "la kazi ya kusikia". Chini ya karatasi zilibandikwa sarafu mbili kwa selotepu, na mwandiko wa shangazi: mpelekee yule mama wa maktaba.

Siku hiyohiyo nikakuta kipande kingine kwenye kisanduku changu.

KUMBUSHO LA KWANZA
Jina: Barua ya posa. Hali alipochukuliwa: imesahihishwa. Siku zilizozidi: 13.
Rudisha mara moja. Wapo wengine wanaosubiri zamu.

Hilo la mwisho nililiamini. Mwenzangu wa chumba alikuwa amekaa kitandani, na pembeni yake pana bahasha mpya ya kaki.