Gobore Tupu la Mzee wa Muheza

Anayetafuta gobore lake la kwanza la kuwindia, tena kwa fedha za kuungaunga, hushauriwa na kila aliyewahi kunusa moshi wa baruti, na kwetu Ngamiani hapa Tanga washauri wa aina hiyo hawakosekani kwenye baraza yoyote ya kahawa. Shemeji yangu, ambaye mihogo yake kule Muheza ilikuwa ikiliwa na nguruwe pori kabla yeye mwenyewe hajaionja, aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akaniteua mimi kuwa mshauri mkuu kwa sababu moja tu, kwamba nina mpwa anayeishi Pennsylvania, Marekani, na mpwa huyo huwinda.

Mpwa alijibu kwa ujumbe mrefu wa sauti. Alisema kwao kuna msimu wa kulungu uliotengwa kwa bunduki za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche za jiwe, na kwamba kwa sheria ya taifa lao silaha za kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu hazihesabiwi sawa na bunduki nyingine, hivyo katika majimbo mengi mtu huagiza yake ikaletwa mlangoni pamoja na barua. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza asiye na fedha nyingi alisifia bunduki ya kisasa ya kushindilia iitwayo CVA Wolf, ya kipenyo cha .50, yaani nusu inchi, ambayo hukunjwa katikati, na kizibo chake cha nyuma hufunguliwa kwa vidole, ukachungulia mtutu ukaona mwanga upande wa pili.

“Basi na aitume,” akasema shemeji.

Ilinibidi nimweleze kwa upole kwamba hapa kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo haina habari na mlango wake wala posta yake. Kwamba maombi ya kumiliki silaha huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji na kupanda ngazi hadi polisi. Na kwamba hata akiipata leseni ya silaha, kuwinda kuna kibali chake kingine kwa watu wa wanyamapori. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nguruwe nao wamepewa nakala ya sheria hiyo.

Ndipo tukasikia habari za mzee mmoja wa kijiji kilicho mbele ya Muheza, barabara ya kwenda Amani, aliyekuwa na gobore la urithi lenye karatasi zake halali na ambaye alitaka kulihamisha kwa njia ya haki. Bei yake ilikuwa laki tano. Nilikubali kwenda kulikagua kwa kuwa lilikuwa la fataki, vile vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa na kinyundo, na si la gumegume, jambo ambalo kwa mtu wa pwani si dogo. Gumegume huacha baruti ya kuwashia wazi kwenye kisahani, na hewa yetu ya bahari huilowesha kabla mnyama hajatokea. Isitoshe, kati ya cheche na mlio kuna kitambo ambacho ndege hukitumia vizuri sana. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege, aliudhika kwa sababu walikuwa wakiona mmweko na kuruka kabla hawajafikiwa, akabuni njia ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa, akaipatia hataza mwaka 1807. Fataki zilitokana na wazo lake. Naamini hakuna mchungaji mwingine aliyewatendea kwale ubaya kiasi hicho.

Mpwa aliniachia agizo jingine, ambalo alilirudia mpaka nikamkatia simu. Gobore la zamani, alisema, usiulize kama ni tupu, lipime. Unatumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mtutuni mpaka ugote, unaweka alama ya kidole pale unapotokeza mdomoni, unauchomoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikifika karibu na kinundu kinachovishwa fataki, mna hewa tupu. Ikiishia njiani, kuna kitu kimekaa mle ndani, na kitu hicho kwa kawaida ni baruti na risasi za mtu aliyekwisha kuzikwa.

Tulimkuta mzee barazani kwake chini ya mwembe mkubwa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na pembeni yake ameketi mtendaji wa kijiji, aliyealikwa kushuhudia makubaliano kabla ya karatasi kupelekwa polisi. Mtendaji alikuja na mkoba mweusi, na ndani ya mkoba mlikuwa na muhuri. Baada ya shikamoo na machungwa, gobore lilitolewa ndani likiwa limefungwa katika kanga ya marehemu mama yake mzee. Mtutu ulikuwa umeshikizwa kwenye ubao kwa waya wa shaba uliosokotwa kwa ustadi, kitako kimeng’aa mahali pa shavu, na mdomo umezibwa kwa gunzi la muhindi lililokakamaa mpaka tukaling’oa kwa meno ya koleo. Nilifurahi kwa sababu gunzi lile lilikuwa limezuia unyevu miaka yote hiyo. Sikuwa nimefikiria lilikuwa limeutunzia nani ukavu huo.

Niliomba mdeki, nikautumbukiza, nikaweka kidole, nikauchomoa na kuulaza juu ya mtutu. Ncha iliishia vidole vinne kabla ya kinundu. Nikarudia, kwa heshima, nikapata vidole vinne vilevile.

“Mzee wangu,” nikasema, “hili lina kitu ndani.”

“Ni tupu.”

“Mdeki unasema lina kitu.”

“Mwanangu, mdeki umeuona leo. Mimi gobore hili nimelijua kabla hujazaliwa. Baba alilishindilia kwa ajili ya chui, chui hakurudi, na baba akafariki.”

Akanyamaza kidogo, kama aliyesikia alichokisema. Kisha akaongeza kwamba baruti ya enzi hizo bila shaka imekwisha nguvu, kama dawa ya hospitali iliyopita muda wake. Nilijaribu kumweleza kwamba baruti nyeusi ni chumvi ya shura sehemu 75, mkaa sehemu 15 na salfa sehemu 10, na kwamba katika hivyo vitatu hakuna kinachooza kikikaa pakavu. Kwamba njia iliyo salama ni kuilowesha kwa maji kupitia mdomoni, kuiacha iloe, kisha kuikwangua yote taratibu. Mzee aliniangalia kwa huruma. Mtendaji naye, ambaye alikuwa na mkutano mwingine saa nane, akasema jambo hili ni dogo, na wenye hekima hulimaliza kwa vitendo.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kopo la fataki. Mimi nilimvuta shemeji kwa mkono mpaka nyuma ya ukuta wa jiko. Mzee akavisha fataki, akainua mtutu juu kuelekea kwenye matawi ya mwembe, akavuta kinyundo na kutuambia tutazame vizuri jinsi kitu kisicho na kitu kinavyolia.

Kilichofuata kilikuwa kishindo kilichowaangusha kuku, na wingu jeupe la moshi lililommeza mzee, mtendaji na sehemu kubwa ya baraza. Humo ndani ya moshi nilisikia sauti ya mzee ikisema, pasipo haraka, “La ilaha illallah.” Halafu nikasikia kitu kizito kikidondoka kutoka juu ya mwembe, na baada yake mvumo.

Ulikuwa mzinga wa gogo. Risasi ya chui ilikuwa imeikata kamba yake.

Watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa habari za nyuki. Novemba 1914, majeshi ya Uingereza kutoka India yalipoteremka hapa kuwapiga Wajerumani, nyuki waliingia vitani bila kualikwa na wakawatimua askari waliokuwa na bunduki za kisasa kuliko ile ya mzee. Sisi tulikuwa na gobore moja, tena limekwisha kupigwa. Mzee, ambaye asubuhi alikuwa akitembea kwa mkongojo, aliruka ua wa michongoma na kanzu yake. Shemeji alijitosa kwenye pipa la maji ya mvua na kubaki humo, akitoa pua kwa vipindi. Mtendaji alikimbia kuelekea barabarani bila viatu na, jambo lililotuumiza zaidi, bila mkoba.

Mkoba ulibaki chini ya mwembe, na nyuki wakaukalia. Pasipo muhuri hapakuwa na makubaliano, na pasipo giza hapakuwa na wa kuufuata, kwa hiyo sote tulikaa upande wa pili wa barabara hadi magharibi, tukipakana mafuta ya nazi na kuepuka kutazamana usoni. Ilipoingia jioni, kijana mmoja aliufuata kwa moshi wa makumbi, na mazungumzo yakaendelea.

“Sasa ni laki sita,” akasema mzee, ambaye mdomo wake wa juu ulikuwa umemfikia puani. “Asubuhi mlikuwa mnanunua gobore la kubahatisha. Sasa mmeliona linapiga, tena linalenga.”

Mtendaji alifungua mkoba, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, kisha akataka ieleweke kwanza kwamba mzinga ule ulikuwa wake.

Shemeji, jicho moja likiwa limefumba kabisa na la pili linakaribia, alifikiri kwa muda.

“Na hiyo laki sita,” akauliza, “ni pamoja na asali?”

Mtendaji akarudisha muhuri mkobani.